Warsiyem na Pesa Zilizonyauka Benki

Aliyeanza kumshuku Warsiyem hakuanza na pesa. Alianza na meno ya mumewe.

Pak Tukijo, mume wa Warsiyem, anaziba pancha za baiskeli na pikipiki pale kichochoro chetu kinapokutana na barabara kubwa, hapa Surabaya. Tangu tumjue alikuwa na pengo la mbele la kupitisha sigara bila kufungua kinywa. Basi asubuhi moja akatoka kwake, akatutazama sisi tuliosimama kwenye meza yangu ya tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, akatabasamu. Meno kamili. Meupe, yamejipanga kama vigae vya bafu la tajiri. Mwiko wangu ukabaki hewani, mafuta yakidondoka.

"Pak Tukijo, hayo umeyaazima kwa nani?" nikamuuliza.

"Yangu, Bu Rum. Nimelipia."

"Umelipia kwa pancha?"

Akacheka. Mtu mwenye meno mapya hacheleweshi kicheko. Lakini pembeni yangu Bu Kus alikuwa amenyamaza, na Bu Kus, mke wa mjumbe wetu, akinyamaza ujue kuna hesabu inapigwa kichwani.

"Meno yale si ya bei ya pancha," Bu Kus akasema, Pak Tukijo alipokwisha kupita. "Na kadi ya benki ya kibubu chetu anakaa nayo nani?"

Wote tulijua anakaa nayo nani.

Warsiyem, ambaye tunamwita Mbak Yem, yaani dada Yem, ni mwanamke mfupi, miguu mipana, mikono inanuka mvuke wa pasi kwa sababu kazi yake ni kupigia watu nguo pasi. Aliletwa hapa akiwa bibi harusi kutoka vijiji vya Ponorogo, na tangu siku hiyo sijamsikia akimsema mtu. Kwenye kichochoro chetu hilo ni kama kilema. Kwa kuwa hasemi, tulimpa kazi ambayo msemaji hapewi: stoo.

Anayeoza mtoto huku kwetu hapiki peke yake. Majirani wanawake tunaingia jikoni kwake siku kadhaa kabla, na wageni wanaleta mchele, sukari, mafuta na tambi kwenye mabeseni. Vyote vinaingia chumba kimoja, na chumba hicho anakaa mwanamke mmoja tu. Yeye ndiye anayepokea, yeye ndiye anayepima vya kupika, na mwingine haingii, hata mwenye nyumba. Mshika stoo mbaya anakuaibisha mbele za watu: wali unaisha wakati wakwe ndio kwanza wanashuka kwenye gari. Warsiyem hajawahi kuishiwa. Akimaliza kupima anausawazisha mchele kwenye pipa kwa kiganja, halafu anaubonyeza juu kwa vidole vitano, kama muhuri. Ukiingia kuchota, muhuri unavurugika. Ameshika stoo kwenye harusi za watoto wetu wote, na za watoto wa watu ambao hatusalimiani nao.

Hiyo ndiyo heshima yake, na hana nyingine. Nyumba yake ni ya kupanga, na watoto Mungu hakumpa. Ana stoo.

Kwa sababu hiyohiyo yeye ndiye aliyetunza kibubu cha Idi. Kila mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunakunywa chai, tunatikisa glasi yenye vijikaratasi vya majina ili tujue upatu unamwangukia nani, na pembeni ya upatu kila mmoja anatoa kidogo kwa ajili ya nyama, sukari na mafuta ya sikukuu. Pesa hizo zilikaa kwenye bati la biskuti chini ya kitanda cha Warsiyem. Bati halikuwa na kufuli. Miaka yote hiyo haikupotea hata hela ya kununulia pipi.

Halafu Bu Kus akaenda semina.

Alirudi na begi la kitambaa, kalamu mbili na maneno mengi. "Akina mama wa leo hawaweki pesa chini ya kitanda," akatuambia kikaoni. "Panya je? Moto je? Benki inakulipa riba. Pesa imelala, huku inazaa."

"Inazaa na nani?" nikauliza.

"Bu Rum, usiniharibie kikao."

Akaunti ikafunguliwa kwa jina la Warsiyem. Bu Kus alimsimamia, "saini hapa, na hapa, na hapa," na Warsiyem akasaini hapo na hapo na hapo. Kisha, kwa kuwa hatuaminiani, tukajiwekea ulinzi ambao tulijisifia sana. Kadi akae nayo Warsiyem. Namba ya siri aijue Bu Kus peke yake. Mmoja bila mwenzake hafanyi kitu. Na kila Jumapili wote wawili waende kwenye mashine ya kutolea pesa, wamefuatana na mashahidi, wakatazame salio. Enzi hizo simu zilikuwa za kupigia tu. Salio ulilifuata kwa miguu. Benki yetu yenyewe iko mbali, ng'ambo ya barabara ya malori, lakini kituo cha mafuta hapa karibu kilikuwa na mashine. Ya benki nyingine, ndiyo, ila ilibandikwa karatasi ya rangi nyingi kwamba inapokea kadi za benki zote. Inapokea! Hatukujiuliza inapokea nini.

Jumapili hizo zilikuwa kama mwaliko. Tunapaka poda, tunavaa mitandio ya kutokea. Bu Kus anabonyeza namba huku amejifunika kama anayenyonyesha, sisi tumempa mgongo, mashine inatema karatasi. Na hapo ndipo tulipofanya mambo yetu. Karatasi ni moja, mashahidi ni watano. Mimi nitamwonyesha nini mume wangu akiniuliza? Basi kadi inarudishwa ndani, inatoka karatasi nyingine. Na nyingine. Kila shahidi aende nyumbani na ushahidi wake.

"Akina mama," mlinzi wa kituo alitutania, "hiyo ni mashine ya pesa, si ya kupigia picha za familia."

"Wewe linda petroli," nikamwambia.

Mwezi wa kwanza hakuna aliyelinganisha. Wa pili, Mbak Lilik, mke wa seremala, msichana mwembamba ambaye hatupi karatasi hata ya kufungia karanga, akasimama kikaoni na sauti ndogo. "Samahani, akina mama zangu. Mbona tunaweka, na inapungua?"

Wiki hiyohiyo ndipo yakatokea meno.

Basi ikawa shughuli. Pazia jipya la mlango wa Warsiyem likajadiliwa mpaka rangi yake. Siku moja alipika kuku, na ilikuwa Jumatano. Nani anapika kuku Jumatano? Mimi mwenyewe nilisimama karibu na dirisha lake nikivuta harufu, nikajiambia huyu kuku ana hadithi. Pak Tukijo akitabasamu, mtu ananong'ona, "Lile la kushoto ni sukari yangu, la kulia ni mafuta yako." Mwisho mzee wa watu akashtuka. Akaanza kuongea huku amefunika mdomo kwa kiganja, kama bado ana pengo.

Tukazidisha ulinzi. Badala ya Jumapili tu, mashine ikatazamwa Jumatatu, ikatazamwa Alhamisi, ikatazamwa hata mvua ikinyesha. Na kadiri tulivyochunga ndivyo pesa zilivyonyauka, kama mtoto ambaye kila siku anapimwa uzito na hakuna anayekumbuka kumlisha.

Kikao kilichofuata Bu Kus akasafisha koo. "Mimi sisemi mtu. Ila naona kadi ikapumzike kwa mwingine."

Warsiyem akaitoa kadi kwenye kibindo, akaiweka mezani kando ya sahani ya ndizi za kukaanga. "Ikapumzike," akasema.

Ikaenda kwa Mbak Lilik. Ingeishia hapo ningesema ni mambo ya kawaida. Lakini Bu Kus alikuwa anamwoza binti yake, Nastiti, mahema yameshalipiwa, na akaongeza huku anajipepea: "Halafu kuhusu harusi yetu, dada yangu wa Sidoarjo ataniletea mshika stoo wa kwao. Mbak Yem amefanya kazi sana jamani. Safari hii akae na wageni."

Akae na wageni! Ungemtangaza kwa kipaza sauti cha msikiti ingekuwa heri. Watu wangemwona amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, huku mwanamke asiyejulikana amekaa stoo, na wangejua yote bila kuambiwa. Baada ya harusi ile hakuna nyumba ambayo ingempa ufunguo tena. Nilimwona Warsiyem akichukua kikombe chake cha chai, akakirudisha bila kunywa.

Wiki mbili baadaye nikamfuata kwake. Mimi sipendi kumnong'ona mtu nyuma ikiwa naweza kumkera usoni.

"Mbak Yem, wewe ni dada yangu, niambie. Umezila pesa zetu?"

Hakuinua macho kwenye kola ya shati aliyokuwa akiipiga pasi. "Unamuuliza nani hivyo, Rum?"

"Nakuuliza wewe. Meno ya mumeo yamenunuliwa na nini?"

Akaelekeza pasi dirishani. "Tazama juu."

Nikatazama. Chini ya bati la paa yalining'inia matundu ya njiwa, wale njiwa ambao Pak Tukijo alikuwa akiwabusu hadharani kuliko alivyowahi kumbusu mkewe. Milango iko wazi. Hakuna njiwa hata mmoja. Kichochoro kizima tulikuwa tunapita chini ya matundu matupu, macho yetu yote mdomoni mwa mtu.

"Kauza mpaka yule wa mashindano?"

"Mpaka yule. Alilia pale kwenye kiti, daktari wa meno akadhani anaogopa sindano."

Nikakaa juu ya fungu la mashuka ya watu. Sikuridhika bado. Njiwa wanaeleza meno, kibubu hawakielezi. "Basi ni Bu Kus."

"Bu Kus hana kadi."

"Basi Lilik. Mwembamba vile, pesa anazificha wapi?"

"Kadi ilikuwa kwangu, ikapungua. Imehamia kwa Lilik, inapungua vilevile."

"Basi mnashirikiana!"

"Na wewe tunashirikiana? Jumapili ile nani alitaka karatasi mbili?"

Nilikuwa mimi. Ya kwanza ilikunjika.

Akasimamisha pasi. Kwa Warsiyem, kusimamisha pasi ni kama mtu mwingine kupanda jukwaani. "Sikiliza. Unajua kwa nini stoo sipendi watu waingie? Si kwamba nyote wezi. Ni kwamba hakuna anayeingia kutazama akatazama tu. Bu Kus ataonja karanga. Lilik atashika mchele aone kama ni mkavu, atatoka nao mkononi. Wewe utalamba sukari."

"Mara moja tu."

"Kila harusi, Rum. Sasa nakumbuka yale maji yalipofurika kituo cha mafuta, mashine ikafungwa, hatukwenda. Tuliporudi, pesa ilikuwa palepale tulipoiacha. Tumerudia kuchungulia, imerudia kushuka."

"Unataka kuniambia mashine inaonja?"

"Sijui inafanya nini. Nataka stoo ifungwe, tuone."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Mtu aliyekuibia angekuambia uache kuchunga, si ndiyo? Hata mimi ningesema hivyohivyo kama ningekuwa nimeiba. Lakini yale matundu ya njiwa yaliniuma.

Warsiyem alisema kikaoni, yeye ambaye kikaoni husema "chai imeiva" basi. Tusitazame salio mpaka kikao kijacho. Bu Kus akapiga paja. "Haya, jamani, mmesikia! Hivyo hasa ndivyo angesema mwizi!"

"Ndiyo," Warsiyem akajibu. "Kwa hiyo kadi isikae kwangu wala kwa Lilik. Tuizike kwenye pipa lako la mchele, Bu Kus, nyumbani kwako. Nitaweka vidole vyangu juu. Pesa ikishuka kama ilivyokuwa ikishuka, msiniite stoo ya mtu tena. Msiniite hata kuosha vyombo. Isiposhuka hivyo, stoo ya Nastiti naishika mimi."

Bu Kus hakuwa na pa kutokea; pipa ni lake, nyumba ni yake. Tukaenda wote jikoni kwake. Warsiyem akaizamisha kadi chini kabisa, akausawazisha mchele, akabonyeza. Vidole vitano.

Ambalo Bu Kus hakulifikiria ni kwamba pipa lile ndilo alilokuwa anapikia. Mwezi mzima mke wa mjumbe akanunua mchele wa kupima dukani kama mpangaji wa chumba kimoja, akipita mbele ya meza yangu na kijimfuko chake.

"Kwako mchele umeisha, Bu Kus?"

"Kaanga tempe zako, Bu Rum."

Sisi wengine tulihangaika kama walioacha sigara. Mbak Lilik aliniambia Jumapili zilimwasha miguu. Mimi nilipita kituo cha mafuta mara kadhaa kwa shughuli ambazo sikuwa nazo, nikaikodolea mashine, nayo ikanikodolea.

Siku ya kikao ilipofika tulimiminika jikoni kwa Bu Kus hata kabla ya chai. Vidole vilikuwa vitano, palepale, hakuna punje iliyosogea. Kadi ikafukuliwa, ikakung'utwa vumbi la mchele, tukatembea kundi zima mpaka kituoni. Tulikubaliana karatasi moja tu, na Mbak Lilik ndiye asome.

Akasoma. Akasoma tena kimyakimya, akihesabu midomoni.

"Imeshuka," akasema.

Nikamtazama Warsiyem.

"Ila kidogo," Lilik akaendelea. "Kidogo sana kuliko zamani. Zamani mwezi ulikuwa unakula mara nyingi ya hii."

"Kidogo ni nini?" Bu Kus akaruka. "Wizi wa kidogo una jina lingine? Tuliambiwa haitashuka!"

"Tuliambiwa haitashuka kama ilivyokuwa ikishuka," nikasema. "Na kadi ilikuwa kwenye pipa lako, Bu Kus, chini ya paa lako. Kwa hiyo tukitafuta mwizi wa kidogo, tuanzie jikoni kwako au twende benki?"

Alinitazama kwa macho ambayo bado yananidai. Tukaenda benki.

Tulikwenda wanne, kesho yake asubuhi: Bu Kus na begi lake la semina, Lilik, mimi, na Warsiyem, aliyevua ndala mlangoni mpaka mlinzi akamwambia azivae. Baridi ya humo ndani ni ya kuhifadhia samaki. Msichana wa kaunta alikuwa na tabasamu ambalo halikumgusa mahali pengine usoni. Nikaanza kumshuku kabla hajakaa.

Warsiyem akasogeza kadi na kitambulisho. "Mbak, nauliza. Pesa zetu nani anazichota?"

Msichana akatazama kioo chake. "Hakuna aliyechota, Bu. Haya ni makato ya kawaida. Kila mwezi kuna ada ya kuendesha akaunti."

"Inaendeshwa kwenda wapi?" nikauliza.

"Ni gharama ya huduma, Bu. Na kuna ada ya kadi."

"Kadi ilikuwa imezikwa kwenye mchele."

Akanitazama kama anayefikiria kumwita mlinzi. "Hata ikiwa kwenye mchele, Bu. Ilimradi ipo. Halafu naona hapa, miezi iliyopita, mmetazama salio kwenye mashine ya benki nyingine. Huko kila mkiuliza mnakatwa. Rupia elfu tatu na kitu."

"Kila siku tukiuliza," akasema Warsiyem polepole, "au kila mara?"

"Kila mara kadi inapoingia na kuuliza, Bu. Hapa naona kuna Jumapili mmeuliza..." Akasimama, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Samahani, mlikuwa mnatafuta nini?"

Lilik alikuwa anatazama sakafu. Mimi niliikumbuka ile karatasi yangu iliyokunjika, na jinsi nilivyoitupa nilipofika nyumbani.

Bu Kus akajitutumua. "Na riba? Semina walisema pesa inazaa."

"Riba ipo, Bu. Ila kwa salio kama lenu ni ndogo kuliko ada ya mwezi."

"Yaani mtoto anazaliwa, mnamla pamoja na mama yake," nikasema.

"Na mkishuka chini ya kiwango kuna ada nyingine. Akaunti ikikaa muda mrefu haijaguswa, nayo ina ada yake."

"Tukiigusa mnakata. Tusipoigusa mnakata. Tukiifunga je?"

Msichana akalamba midomo. "Kuna ada ya kufunga, Bu."

Nilicheka mpaka mzee mmoja kwenye foleni akageuka. Warsiyem hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta, anapumua kama mtu aliyeshushiwa gunia. "Kwa hiyo hakuna mtu," akasema. "Andika hivyo, Mbak. Au sema kwa sauti, huyu mama asikie. Hakuna mtu aliyechota."

"Hakuna mtu, Bu."

Warsiyem akamgeukia Bu Kus, akamtazama tu. Bu Kus akachunguza dari.

Msichana, alipoona kimya, akadhani ni nafasi ya biashara. Akatoa karatasi yenye picha ya kadi ya dhahabu. "Akina mama, tuna kadi ya mkopo. Mwaka wa kwanza bure kabisa. Mkijiunga leo mnapata seti ya vyombo vya plastiki."

Mtu akinipa kitu bure huwa nageuza kuangalia chini. "Mwaka wa pili?"

"Wa pili kuna ada ya mwaka. Ndogo."

"Nikiichelewesha kulipa?"

"Kuna ada ya kuchelewa, na riba."

"Nikitolea pesa taslimu?"

"Hiyo ni... ada hapo hapo, Bu, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Lakini si lazima ulipe deni lote! Unaweza kulipa kiwango cha chini tu kila mwezi."

"Na kilichobaki kinakaa bure?"

Akatabasamu. Ndipo nikaona Bu Kus amekumbatia begi lake kifuani kwa mikono miwili. Akainama kaunta, sauti imepungua mpaka ya mtoto wa shule. "Mbak, hiyo ada ya mwaka... inakatwa hata kama kadi mtu ameifungia kabatini, hajaitumia?"

"Inakatwa, Bu. Na isipolipwa inazaa ya kuchelewa."

"Nauliza tu," Bu Kus akasema. "Kuna mtu namjua."

Mimi nikalikumbuka lile sufuria lake la umeme la kupikia wali, alilosema alilishinda kwenye duka kubwa la mjini, pale wanapoandikisha watu kadi za namna hiyo. Sikusema kitu. Vitu vingine ni vizuri kuviweka akiba.

Lilik ndiye aliyeuliza la maana: hakuna akaunti isiyokula? Ipo, msichana akasema. Ya akiba ndogo, haina ada ya mwezi, haina kadi, unakuja kaunta na kitabu, kuuliza ni bure. Nikamuuliza mbona hatukuambiwa siku ya kwanza. Akasema hatukuuliza. Tukaihamisha palepale, na ada ya kufunga ile ya zamani ikalipwa kutoka humohumo, nikiwa nimemkazia macho. Kitabu akapewa Warsiyem. Kurudi njiani hakuna aliyemwambia pole, maana huku kwetu pole ya namna hiyo haisemwi kwa mdomo.

Ilikuja kwa sahani. Kabla ya harusi, mwenye shughuli anawapelekea chakula wale anaowaomba msaada, na ukikipokea umekubali. Bu Kus alinituma mimi nipeleke cha Warsiyem, na njiani nikafunua jani la mgomba nione. Wali, yai zima, viazi vya pilipili, na paja la kuku lote na mguu wake. Bu Kus huwa anagawa mbawa. Paja zima kutoka kwake ni mtu kupiga magoti. Chini ya jani ulikuwepo ufunguo wa stoo.

Warsiyem aliutazama ule ufunguo kwanza, kuku baadaye. Akaufuta kwa kanga yake, akaufunga kwenye pindo. Paja akampa mumewe. Pak Tukijo alilitafuna mlangoni, mchana kweupe, meno yote nje, na kila aliyepita alilazimika kusalimia.

Yule mshika stoo wa Sidoarjo alikuja pia, maana dada mtu alishamlipia nauli. Alikaa na wageni, kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Nilimpelekea chai nikamwonea huruma kidogo.

Siku ya harusi, wakwe walipokuwa wanakaribia, Bu Kus aliingiwa na wasiwasi wa wali. Nilikuwa nakuna nazi karibu na mlango wa stoo, nikamwona anakuja kwa kunyata na vazi lake lote la sherehe. Akausukuma mlango, akaingiza kichwa.

Warsiyem alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya pipa, vidole vitano vimepigwa juu ya mchele. Hakuinuka. Alinyoosha kiganja tu.

"Kutazama," akasema, "elfu tatu."

"Mbak Yem!"

"Na kitu."

Nilishika mbuzi ya nazi nisianguke. Bu Kus alisimama pale, amepakwa poda mpaka masikioni, wakwe wanapiga honi nje. Halafu akafungua kipochi chake, akatafuta, akalipa. Akageuka kuondoka.

"Na kufunga mlango?" akauliza, bila kutazama nyuma.

"Kufunga kuna ada yake."

Ndipo Bu Kus akacheka, kicheko cha kweli, mpaka msuko wake ukalegea, akaufunga mlango mwenyewe taratibu. Wali ulitosha. Ulibaki hata wa kuwafungia wageni waende nao.

Zile noti za Bu Kus, lakini, sijaziona kwenye kitabu cha kibubu mpaka leo. Warsiyem anasema aliziweka. Na Alhamisi iliyopita alipika kuku. Mimi sisemi mtu.